Bustani ya nyumbani wakati wa joto kali: maswali na majibu kuhusu mwili na utulivu wa moyo

Joto likizidi, mwenye bustani hubaki njia panda. Akitoka nje, jua linamwadhibu. Akikaa ndani, anawaza mimea inayokauka. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi tena na tena msimu huo, na nimeyajibu nikifikiria mtu anayeipenda bustani yake na ambaye pia ana mwili wa kuutunza.

Je, ni kweli bustani hutuliza akili, au ni maneno ya kupendezesha tu?

Ni kweli, na si jambo la kuhisi tu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa karibu na dirisha lililotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema na walihitaji dawa chache kali za maumivu kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Kumbuka kwamba hao hawakushika hata jembe, walitazama tu.

Mwaka 2011, watafiti nchini Uholanzi waliwapa wakulima wa bustani ndogo 30 kazi ya kuwachosha akili, kisha wakawagawa: wengine wakafanya kazi bustanini kwa nusu saa, wengine wakakaa ndani wakisoma. Kotisoli, homoni ambayo mwili humwaga tunapokuwa na msongo, ilishuka kwa makundi yote mawili, lakini ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini. Watu 30 ni wachache na singependa ujenge ghorofa juu ya msingi huo. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2019 uliohusu karibu watu 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walielekea kuwa na afya bora na kuridhika zaidi na maisha yao.

Mbona basi mimi siku za joto natoka bustanini kichwa kinaniuma na hasira zimenijaa?

Kwa sababu mwili wako ulikuwa vitani. Joto la ndani la mwili hukaa karibu nyuzi 37. Likianza kupanda, moyo huongeza mapigo ili kusukuma damu nyingi kwenye ngozi, na tezi hutoa jasho ambalo likikauka huondoka na joto. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, jasho halikauki. Linachuruzika tu na kuloanisha nguo, maji ya mwili yanapotea bila faida. Wakati huohuo unachimba, unainama, unabeba ndoo. Moyo mmoja, kazi mbili.

Ongeza usingizi. Ili tulale vizuri, joto la mwili linatakiwa kushuka kidogo, na usiku wenye fukuto hulizuia. Mtu aliyelala vibaya siku tatu mfululizo hukereka upesi hata na mdudu mmoja kwenye jani. Kwa hiyo hasira hizo hazina maana kwamba huna subira au kwamba bustani haikufai. Umeiendea saa isiyo yake.

Saa yake ni ipi?

Alfajiri, mara kukipambazuka. Ardhi imepoa usiku kucha, hewa ni nyepesi, na mimea imesimama wima. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kama huna saa mkononi, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua limeshakuwa kali na ni wakati wa kuingia ndani.

Jioni inafaa pia, ila ina mitego miwili. Kuta na sakafu za saruji huendelea kutoa joto zilizolihifadhi mchana, na mbu nao huwa wameamka. Mimi binafsi huipa jioni kazi ya kutembea na kutazama, palizi naiachia asubuhi.

Na usirukie kazi nzito siku ya kwanza ya joto. Mwili huchukua kati ya wiki 1 na 2 kulizoea joto: unajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kubana chumvi isipotee. Anza na robo saa, ongeza kidogo kila siku.

Mchana naona majani yamelegea. Moyo unaniuma. Nisitoke kuimwagilia?

Hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza, na wanajiumiza kwa huruma. Majani kulegea saa saba mchana mara nyingi hakumaanishi kwamba mmea unakufa. Maji yanaondoka kupitia majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hivyo jani linalegea na eneo linalopigwa na jua linapungua. Mmea mwingi wa namna hiyo husimama wenyewe jua likitua.

Kabla ya kukimbilia mpira wa maji, ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, rudi ndani bila wasiwasi. Ukikuta pakavu na jioni majani bado yamelala, hapo mmea una kiu kweli. Mpe maji jioni hiyohiyo au kesho alfajiri. Mimea ya kwenye vyungu ndiyo pekee ninayoihurumia mchana, maana udongo wake ni mchache na hukauka upesi, lakini hiyo tiba yake ni kuisogeza kivulini.

Ukimwagilia, mwagilia kwenye shina, polepole na kwa wingi, kisha acha siku kadhaa zipite kabla ya kurudia, kulingana na udongo wako. Maji ya kunyunyiza juu juu kila siku huifanya mizizi ibaki juu, mahali penye joto zaidi. Tandaza majani makavu au nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze. Matandazo hayo yatakufanyia kazi mchana kutwa wakati wewe umejipumzisha.

Mengine yote yaache. Kuhamisha miche, kukata matawi mengi, kuweka mbolea kali: hizo ni kazi za hali ya hewa ya wastani, na zikifanywa kwenye joto zinautesa mmea na kukutesa wewe. Nusu ya kazi ulizokuwa ukijilaumu kwa kutozifanya hazikutakiwa kufanywa. Ukilielewa hilo, utashangaa mzigo utakaokushuka mabegani.

Ninywe maji kiasi gani?

Usisubiri kiu. Ukiwa kazini kwenye joto, kunywa kama kikombe kimoja, yaani mililita 250 hivi, kila dakika 15 hadi 20. Kunywa kidogo kidogo ni bora kuliko kujaza tumbo kwa mkupuo, na usipitishe lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji mengi mno huipunguza chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari. Tazama mkojo: rangi ya njano hafifu ni dalili njema, ukiwa na rangi nzito umechelewa kunywa. Pombe iache kabisa kabla ya kazi ya juani.

Wazee wawe makini zaidi, kwani hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Mzee anaweza kuwa amepungukiwa maji na bado akakuambia, kwa ukweli wake wote, kwamba hana kiu. Mwekee glasi karibu na umkumbushe kwa upole. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiwango cha maji na daktari afuate kiwango hicho.

Natumia dawa kila siku. Kuna la kuhofia?

Huenda lipo, hivyo muulize daktari au mfamasia kabla joto halijashika kasi. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huzuia moyo kuongeza mapigo inavyotakiwa. Baadhi ya dawa za mzio na za magonjwa ya akili hupunguza jasho, na kwa anayetumia lithiamu, upungufu wa maji unaweza kuifanya dawa hiyo ijikusanye kwenye damu hadi kudhuru. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Badilisha saa za bustani, dawa mwachie daktari.

Nitajuaje kwamba joto limenizidi?

Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa, misuli kukakamaa, jasho jingi na uchovu usio wa kawaida. Acha kazi papo hapo, hata kama umebakiza mche mmoja. Kaa kivulini, legeza nguo, jimwagie maji, jipepee, kunywa taratibu. Mtu hutakiwa kuanza kupata nafuu ndani ya nusu saa. Asipopata, atafutiwe msaada wa kitabibu.

Kiharusi cha joto ni jambo jingine. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au zaidi na ubongo unaanza kuzidiwa: mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka, anapata degedege au anazimia. Ngozi inaweza kuwa kavu, inaweza pia kuwa na jasho, kwa hiyo jasho lisikudanganye. Piga simu ya dharura, kisha mpoze bila kusubiri: mwagie maji baridi mwili mzima huku ukimpepea, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe kitu. Dawa za kushusha homa hazisaidii hapa, maana hii si homa.

Kwa sababu hiyo, usifanye kazi ya bustani peke yako siku ya joto kali bila mtu yeyote kujua uko wapi. Mtu aliyechanganyikiwa kwa joto hajitambui kwamba amechanganyikiwa.

Nimesikia udongo una bakteria wanaoleta furaha. Ni kweli?

Yupo bakteria wa udongoni aitwaye Mycobacterium vaccae, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba aliamsha seli za ubongo zinazohusika na serotonini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na hali ya moyo. Lakini waliofanyiwa majaribio hayo walikuwa panya, tena walidungwa sindano. Furaha unayoipata ukishika udongo ni ya kweli, ila usimpe bakteria huyo sifa zote.

Na madhara ya udongo wenyewe?

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na huingia kupitia jeraha, hasa la kuchomwa na mwiba au msumari. Hakikisha chanjo yako haijapitwa na wakati. Katika nchi nyingi watu wazima hushauriwa kuirudia kila baada ya miaka 10. Mjamzito avae glavu, kwani kinyesi cha paka kilichochanganyika na udongo kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Mfuko wa mboji ufungue mbali na uso wako na usivute vumbi lake. Maji yaliyolala kwenye sahani za vyungu yamwage angalau mara moja kwa wiki, kabla ya viluwiluwi vya mbu kuota mabawa. Na mpira uliokuwa juani uache umwage maji pembeni kwanza: yale ya mwanzo yanaweza kuunguza ngozi, ya mtoto hasa.

Niko bustanini lakini akili iko kwenye madeni na kazi. Nifanyeje?

Chagua kazi moja ndogo yenye mwisho unaoonekana, kama kung'oa magugu kwenye chungu kimoja. Simu iache ndani, ila kama uko peke yako ibaki mfukoni ikiwa imezimwa sauti. Kisha pumua polepole, karibu pumzi 6 kwa dakika, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo kupitia mishipa ya fahamu inayosimamia utulivu wa mwili. Kumwagilia polepole kunafaa sana kwa hili: vuta pumzi unapoinua kopo, itoe maji yanapoanguka. Mawazo yakirudi, na yatarudi, yaache yapite na urudi kwenye sauti ya maji.

Huzuni au wasiwasi ukidumu zaidi ya wiki 2, ukakunyima usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi, zungumza na mhudumu wa afya. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata siku moja.

Siwezi kuinama, na sina uwanja.

Vyungu 2 au 3 kwenye meza, kimo cha kiuno, vinatosha, na vinaweza kumwagiliwa ukiwa umekaa. Viweke mahali utakapoviona kutoka kwenye kiti chako siku ambazo joto halikuruhusu kutoka.

Nilifanya yote na bado mmea wangu nilioulea miaka mingi umekauka. Nahisi nimeshindwa.

Pole. Kuumia kwako ni halali. Ulikuwa ukiuamkia kila siku. Ila usiung'oe bado. Kwangua gome la tawi kwa ukucha. Ndani pakiwa kijani, tawi li hai. Pakiwa pakavu na kahawia, shuka chini zaidi, kwangua tena, mpaka karibu na ardhi. Miti na vichaka vingi huangusha majani yote ili kuokoa mizizi. Endelea kuupa maji kidogo alfajiri, usiukate wala kuuwekea mbolea, na ungoje wiki chache za hali ya ubaridi kabla hujaamua.