Kope imelegea, mbona daktari anapima kifua?

Mtu anafika kliniki hapa Bukavu kwa kuwa kope ya jicho moja imelegea, naye anaambiwa avue shati, apigwe picha ya mapafu. Wengi hukasirika: "Muganga, mimi naumwa jicho!" Siwalaumu. Lakini neva inayosaidia kuinua kope inazunguka sana kabla ya kufika jichoni.

Neva za simpathetiki za kichwa, yaani zile zinazofanya kazi bila sisi kuamua, huanzia haipothalamasi, chini kabisa ya ubongo, zikateremka ndani ya uti wa mgongo mpaka usawa wa juu wa kifua. Hapo hutoka, hupita juu ya ncha ya pafu karibu na ubavu wa kwanza, kisha hupanda tena shingoni hadi fundo la neva lililo nyuma ya pembe ya taya. Nyuzi za fundo hilo huuzungukia mshipa mkubwa wa damu, ateri ya karotidi, kama maharage yanavyopanda kijiti. Nyingine huingia nao kichwani hadi jichoni, nyingine hufuata tawi la usoni na kusimamia jasho.

Njia ikikatika popote, kope hushuka milimita 1 au 2 tu, mboni husinyaa, na mara nyingi nusu ya uso haitoi jasho. Vitabu vyetu vya Kifaransa huita hali hii Claude Bernard-Horner; Waingereza humtaja Horner peke yake, daktari wa macho wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1869.

Umeme ukikatika jioni, na si jambo geni kwetu, mwangalie mgonjwa. Shika tochi ya simu chini ya kidevu chake, isimmulike machoni moja kwa moja. Gizani mboni ya jicho lenye afya hupanuka upesi. Ile nyingine huchelewa.

Chanzo chaweza kuwa uvimbe kwenye ncha ya pafu, jeraha la shingo, na mara chache rovu kubwa, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, ugonjwa ambao wakubwa wa kisiwa cha Idjwi wanaujua vizuri. Kope ikishuka ghafla pamoja na maumivu ya shingo, ukuta wa karotidi huenda umechanika: usilale nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wengine, njooni na picha ya zamani, hata ile ya kadi ya mpiga kura. Kama kope ilikuwa hivyo tangu miaka kumi iliyopita, tutaulizana maswali mengine.