Si Uji Uliomuumiza Mtoto: Safari ya Maagizo Kutoka DNA Hadi Protini

Mama mmoja wa Langoni alitujia maabara na mtoto wa miezi minane, kamfunga mgongoni kwa leso. Vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba, nyayo zimejaa, na akiguswa tu analia kilio cha maumivu, si cha deko. Majibu yalipotoka tukamweleza kwamba mtoto ana selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita sikoseli. Hakuuliza dawa. Aliuliza: "Ni uji, sivyo? Mwanangu alizaliwa mzima. Nilipoanza kumlisha mwezi wa sita ndipo alipoanza kuumwa." Nyumbani walikuwa wamemwambia mengine pia: jicho la hasidi, maziwa yaliyoharibika, kilio alicholia akiwa na mimba.

Mama huyu alikuwa ameona sawasawa. Mtoto alizaliwa bila dalili yoyote, kweli. Maumivu yalianza karibu na wakati wa kumwanzishia chakula, kweli. Aliteleza pale tu alipoyaunganisha mambo mawili yaliyokutana njiani. Kumwambia "si uji" kisha kumwacha aende zake si jibu, kwa sababu usiku atajiuliza tena. Jibu kamili limo ndani ya seli, katika safari ambayo kila mmoja wetu anaibeba mwilini sasa hivi akisoma maneno haya.

Sisi tuliosomea chuo cha Kurani hapa Amu, yaani Lamu, tulijua thamani ya nukta kabla hatujafika shule. Andika neno "nia" kwa herufi za Kiarabu: jino la kwanza lina nukta moja juu yake. Ongeza nukta ya pili ubavuni mwake, na sasa umeandika "tia". Wino ni ule ule, umbo la mstari ni lile lile, lakini maana imehama. Maalim alikuwa akisimamisha darasa zima kwa ajili ya nukta moja, nasi tukidhani anatuonea. Nilipokuja kusoma sayansi ya jeni ndipo nilipomwelewa.

DNA ni maandishi. Herufi zake ni nne tu: A, T, G na C, vifupisho vya adenini, timini, guanini na sitosini. Zimepangwa kwenye nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, na kila herufi ina mwenzake upande wa pili: A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, wakitegemea sana picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin jijini London. Seti moja ya maandishi ya binadamu ina takriban herufi bilioni 3. Seli zetu nyingi zina seti mbili, moja ya baba na moja ya mama, zilizofungwa kwenye kromosomu 46 ndani ya kiini cha seli. Kipande cha maandishi chenye agizo la kuunda kitu fulani ndicho tunachokiita jeni. Jeni zinazoagiza protini ni kama 20,000, na maagizo yenyewe ya protini hayafiki hata asilimia 2 ya maandishi yote.

Agizo linalomhusu mtoto wetu liko kwenye kromosomu ya 11. Ni agizo la kuunda beta-globini, sehemu ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu. Himoglobini moja ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Kila mnyororo wa beta una shanga 146, na shanga hizo ni asidi amino. Aina za shanga zipo 20. Protini zote za mwili, za nywele, za misuli, za kuyeyushia chakula, hutungwa kwa shanga hizo hizo kwa mpangilio tofauti, na mpangilio ndio kila kitu.

Sasa agizo linatokaje kwenye kiini? DNA haitoki. Watu wa hapa wanajua: hati ya nyumba haitembezwi mitaani. Inakaa kasikini, na anayeihitaji hupewa nakala. Seli nayo hufanya hivyo. Protini iitwayo RNA polimerasi hukaa mwanzoni mwa jeni, hufungua nyuzi mbili za DNA kidogo tu, kisha husoma uzi mmoja herufi kwa herufi huku ikitunga nakala. Nakala hiyo ni RNA. Inafanana na DNA isipokuwa ni uzi mmoja, na penye T huandikwa U, yaani urasili. Kazi hii huitwa unukuzi. Nakala ya kwanza huwa na maneno ya ziada katikati. Ya beta-globini ina vipande viwili vya kukatwa na vitatu vya kuunganishwa. Ikishasafishwa, huitwa RNA mjumbe, nayo hutoka kwenye kiini kupitia vitundu vya ukuta wake.

Huko nje inasubiriwa na ribosomu, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo lugha moja inapogeuka kuwa nyingine. Ribosomu husoma nakala kwa herufi tatu tatu. Kila tatu ni neno moja, kodoni, na kila kodoni inataja shanga moja. Mwanzo wa agizo la beta-globini unasomeka hivi:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG

AUG ni "anza hapa", na huleta shanga iitwayo methionini, ambayo baadaye hukatwa na kutupwa. GUG ni valini. CAU ni histidini. CUG ni lusini. ACU ni threonini. CCU ni prolini. GAG ni asidi glutamiki, na inayofuata ni hiyo hiyo tena. Shanga hazijileti zenyewe. Kila moja hubebwa na RNA ndogo, ambayo mimi hupenda kuiita RNA mchukuzi, kwa kuwa kazi yake ni ile ya wachukuzi wetu pale gatini: upande mmoja una mzigo, upande wa pili una herufi tatu zinazolingana na kodoni. Zikilingana, mzigo unapokelewa na kuunganishwa kwenye mnyororo. Zisipolingana, mchukuzi anaondoka na mzigo wake. Mnyororo mzima wa beta hukamilika kabla dakika haijaisha, na ribosomu kadhaa huweza kusoma nakala moja kwa pamoja, zikifuatana.

Kamusi ya kodoni ilianza kufunguka mwaka 1961, pale Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei nchini Marekani walipotengeneza RNA yenye U tupu, UUUUUU, wakaitia kwenye maji ya seli zilizopondwa, wakapata mnyororo wa shanga za aina moja tu: fenilalanini. Kwa hiyo UUU ni fenilalanini. Ndani ya miaka michache maneno yote 64 yalijulikana: 61 hutaja shanga, na 3 husema "komea hapa". Kamusi hii ni moja, kwa uchache wa tofauti, kwa binadamu, kwa mkoko wa mkanda wa bahari, kwa chewa na kwa kijidudu cha kipindupindu. Nimeifundisha miaka mingi na bado hunisisimua.

Turudi kwa mtoto. Agizo lake lasomeka hivi:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GUG GAG

Tazama kodoni ya saba. GAG imekuwa GUG. Kwenye DNA ya asili, herufi moja ya A ilibadilika kuwa T, zamani za mababu waliopita. Nukta moja. Ribosomu haina kosa. Imesoma ilichoandikiwa, ikaweka valini mahali pa asidi glutamiki. Ukiiondoa ile methionini inayotupwa, hiyo ni shanga ya sita. Vernon Ingram ndiye aliyelionyesha hili, Cambridge, mwaka 1956 na 1957: tofauti yote kati ya himoglobini ya kawaida na ya selimundu ni shanga moja katika kila mnyororo wa beta. Na valini si sumu. Iko hapo hapo mwanzo wa mnyororo kwa watu wote, haimdhuru mtu. Imekaa tu mahali pasipo pake.

Asidi glutamiki hupenda maji. Valini huyakimbia. Himoglobini inapoachia oksijeni, ile valini hutafuta pa kujificha, ikajibana kwenye himoglobini ya jirani, na jirani kwa mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe nyekundu. Chembe iliyokuwa laini na ya mviringo inavutwa, inajikunja kama mundu. Kwenye hadubini utazidhani hilali zilizotawanyika. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa myembamba ya vidole, na ndiyo sababu mikono na miguu ya watoto wadogo huvimba. Tena hufa mapema: chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu siku 10 hadi 20. Haiwezi hata kuomba maagizo mapya, kwa kuwa chembe nyekundu hutupa kiini chake, pamoja na DNA yote, kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu.

Basi kwa nini alizaliwa mzima? Kwa sababu akiwa tumboni hakuwa akitumia agizo la beta kwa kiasi kikubwa. Kila seli ina maandishi yote, lakini haisomi yote. Seli ya jicho haifungui ukurasa wa himoglobini. Mtoto wa tumboni hufungua jeni nyingine, ya gama-globini, inayounda himoglobini ya kichanga, na ndani yake hakuna ile nukta. Baada ya kuzaliwa, mwili hufunga gama polepole na kufungua beta. Kufikia mwezi wa tano au wa sita, beta imeshika usukani. Ni mwezi ule ule ambao akina mama huanza kuwapa watoto uji.

Uji wenyewe hauna njia ya kufika kwenye maandishi. Mwaka 1957 Francis Crick alieleza wazo ambalo limesimama hadi leo: maagizo yakishaingia kwenye protini hayarudi tena kuwa maandishi. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha kwamba RNA inaweza kunakiliwa kurudi kuwa DNA, na virusi vya UKIMWI huitumia njia hiyo. Lakini kutoka protini kurudi nyuma, hapana. Protini iliyomo kwenye mtama au maziwa huvunjwa tumboni hadi shanga moja moja, na mwili huzitumia shanga hizo kutunga minyororo yake kwa agizo lake. Chakula huleta mawe na boriti. Ramani ya nyumba ilishachorwa. Vivyo hivyo hasira, huzuni na jicho la jirani haviigeuzi A kuwa T katika kila seli ya mtoto.

Yule mama alirudi siku nyingine na mumewe, tukawapima wote wawili. Kipimo chetu ni elektroforesisi: damu huwekwa kwenye utepe wenye umeme, na himoglobini ya kawaida, A, hukimbia mbele ya ile ya selimundu, S, kwa kuwa ile shanga iliyobadilika imeipunguzia chaji. Baba alikuwa na mistari miwili, A na S. Mama naye miwili, A na S. Wote wazima, hawajawahi kulazwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona wanawake wakirudishwa kwao kwa ajili ya maradhi haya: mtoto hawi na SS mpaka apokee S moja kwa kila mzazi. Wazazi wenye AS wakipata mimba, uwezekano wa SS ni asilimia 25, wa AS asilimia 50, wa AA asilimia 25, na kila mimba huhesabiwa upya. Aliyepata mtoto mmoja mgonjwa hajamaliza "zamu" yake.

S imedumu pwani kwetu kwa sababu ina kheri yake pia. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria. Kule Kilifi imepimwa na kuonekana kwamba AS hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Mwenye SS hana bahati hiyo: malaria kwake ni hatari kubwa, ndiyo maana neti na dawa za kinga ni sehemu ya matibabu yake.

Kujua safari hii ndiko kulikotupa dawa. Haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, huuamsha ule ukurasa wa gama uliofungwa, himoglobini ya kichanga ikarudi na kuzizuia nyuzi zisifungamane. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto waliotumia walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri DNA ya seli za uboho ili gama isifungwe. Gharama yake bado iko mbali sana na mfuko wa mtu wa kwetu, na hilo linaniuma.

Kwa sasa, mzazi, kuna la kufanya. Ndugu wa mtoto mwenye selimundu wapimwe wote, hata wasioumwa. Kuna kipimo cha haraka kinachochanganya damu na kemikali mpaka ikachafuka. Hicho hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema "hana" kwa kuwa damu yake bado imejaa himoglobini ya kichanga. Uliza kama kipimo kilichofanywa ni elektroforesisi au kingine kinachotaja herufi zote mbili. Ikiwa mtoto ana SS, mpeni maji mara kwa mara, penisilini na asidi foliki kama mlivyoandikiwa, na homa ikipanda msingoje asubuhi wala boti ya kwanza: mpelekeni kituo kilicho karibu usiku huo huo, na neno la kwanza kumwambia muuguzi liwe kwamba mtoto huyu ana selimundu.