Kuiona PDF kwenye skrini si kuwa nayo

"Dada, nilijaza kila kitu, halafu wananiambia fomu ni tupu." Kijana aliyeniambia hivyo alikuja kwenye steshenari yangu na flashi mkononi, na muda wa kutuma maombi ya kazi ulikuwa umeshapita. Fomu ya PDF aliifungua kwenye Chrome, akaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na shule alizosoma, akafunga, kisha akaliambatisha lile faili kwenye barua pepe. Mwajiri akapokea fomu nyeupe kama alivyoitoa yeye mwenyewe.

Kujaza alijaza vizuri. Aliloamini ndilo lililomponza: kwamba kinachoonekana kwenye skrini kimeshaingia ndani ya faili. Hakijaingia. Kivinjari kama Chrome kinakuonyesha tu kilichomo, na unachoandika juu yake kinapotea ukifunga bila kuhifadhi. Kwenye Chrome, bonyeza mshale wa kupakua ulioko juu kulia. Ukiwa umejaza kitu, utaulizwa kama unataka faili lenye mabadiliko yako au lile la mwanzo. Chukua lenye mabadiliko, lipe jina jipya, funga kila kitu, kisha lifungue upya kutoka kwenye folda ulikoliweka. Kama majibu yako yapo, hapo ndipo utume.

Wengine wanapitia kwenye kuprinti, badala ya printa wanachagua "Save as PDF". Njia hiyo nayo inafaa, ila visanduku vya kujazia vinageuka maandishi ya kawaida. Ofisi inayosoma majibu kwa kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye visanduku hivyo inaweza kulikataa faili la namna hiyo.

Dhana ya pili inanitisha kuliko zote: kwamba ukifunika maneno kwa boksi jeusi umeyafuta. Mtu anataka kutuma hati bila namba yake ya NIDA, anachora mstatili mweusi juu ya namba kwenye Word, anahifadhi kama PDF, anatuma akiwa ametulia. Namba bado iko chini ya ule weusi. Jaribu mwenyewe: pitisha kipanya juu ya boksi kama unayechagua maneno, nakili, bandika kwenye Notepad. Namba inatoka yote. Januari 2019 huko Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari iliyozibwa kwa weusi, na waandishi wa habari wakayasoma yaliyofichwa kwa kunakili na kubandika tu. Kama wanasheria wa kesi kubwa vile walinaswa, sisi wa kawaida tuwe waangalifu zaidi. Futa namba kwenye Word kabisa, weka nyota mahali pake, ndipo utengeneze PDF.

Wapo pia wanaodhani PDF haiguswi, kwa hiyo cheti kikija kwa PDF basi ni cha kweli. LibreOffice Draw, programu ya bure, inafungua PDF nyingi na kuruhusu kubadili jina au tarehe. Kinachofichua kwamba faili limeguswa ni saini ya kidijitali iliyowekwa na aliyelitoa. Picha ya saini ya kalamu haina uwezo huo.

Kubadilisha jina la faili kutoka .docx kuwa .pdf hakulifanyi kuwa PDF, na likikataa kufunguka halijaharibika. Limevaa jina lisilo lake. PDF halisi ukiifungua kwa Notepad inaanza na herufi %PDF-. Rudisha jina la zamani, fungua kwenye Word, uhifadhi kama PDF kutoka humo.

Kuhusu kununua programu: usitoe hela. Adobe ndiyo iliyotoa PDF mwaka 1993, lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango la dunia, yeyote anaweza kutengeneza programu ya kukisoma. Chrome, Edge na Firefox zinafungua, na Windows 10 ina printa yake ya kutengenezea PDF. Kuna jambo moja tu la kuangalia. Baadhi ya fomu za uhamiaji za Kanada zikifunguliwa kwenye kivinjari zinaonyesha ukurasa wa Kiingereza unaokuambia usubiri, na wateja wangu husubiri kweli, wakilaumu intaneti. Hata ukikesha haitafunguka. Fomu hizo zimeundwa kwa mtindo wa zamani ambao vivinjari vingi haviusomi. Ipakue, kisha ifungue kwa Adobe Reader, ambayo nayo ni ya bure.

Halafu karatasi. Watu wanasema PDF inatoka sawasawa popote. Mpangilio ndiyo, vipimo si lazima. Karatasi ya Marekani, Letter, ni milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297. Faili la Letter likiprintiwa kwenye A4, programu hulipunguza ili lienee. Hata faili la A4 hupunguzwa mara nyingi, kwa sababu printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Kwa barua ya kawaida hutaona tofauti. Kwa picha za pasipoti utaiona: picha ya milimita 35 kwa 45 ikipungua kwa asilimia 5 inatoka kama 33 kwa 43, na inaweza kukataliwa. Kabla ya kubonyeza, tafuta "Actual size" au asilimia 100. Mimi hutoa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida kwanza, naipima, ndipo naweka karatasi ya picha. Rula yangu inakaa hapo hapo kando ya printa.