Kutu na Uchakavu: Bunduki ya Zamani Inaumwa Nini?

Mjomba wangu wa Mikindani ana bunduki ya .303, Lee-Enfield, aina waliyobeba wanajeshi wa Uingereza katika vita vyote viwili vya dunia. Anaimiliki kwa leseni, na miaka ya nyuma aliitumia kulinda mihogo dhidi ya nguruwe pori. Masika moja aliitoa kwenye ala yake ya ngozi akaikuta nyekundu, kuanzia mdomo wa mtutu mpaka kwenye bolti, lile komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu.

"Mjomba, chombo kimechakaa hiki," akaniambia.

"Hapana, mjomba. Kimeshika kutu. Kama kimechakaa tutajua baadaye."

Alidhani nacheza na maneno. Lakini kwa mtu mwenye chuma cha zamani mkononi, maneno haya mawili yanataja hali mbili zenye dawa tofauti, na moja kati yake haina dawa ya nyumbani kabisa.

Uchakavu ni chuma kupungua kwa sababu ya kazi. Bolti inasuguana na kitanda chake, gesi ya moto inaunguza mwanzo wa mtutu kila risasi inapotoka, na ile mifereji ya ndani inayozunguka kama uzi wa skrubu inapoteza kingo zake. Bunduki iliyolala haichakai.

Kutu inaweza kuimaliza ikiwa imelala vilevile. Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Kinatoka kikiwa mawe na udongo mwekundu, kimeshikamana na oksijeni, na ni moto wa tanuri uliowatenganisha. Kikipata maji na hewa kinaanza kurudi kilikotoka, na huko kurudi ndiko tunakoita kutu. Hata maji yasiyo na chumvi yanatosha kuanzisha kazi hiyo, ila chumvi huiharakisha sana. Kutu huenda kwa umeme mdogo mdogo: sehemu moja ya chuma inapoteza, nyingine inapokea, na maji ya chumvi hupitisha umeme huo vizuri kuliko maji ya mvua. Tena chumvi hunyonya unyevu hewani, hivyo chuma chenye vumbi la chumvi huwa na ukungu wa maji hata siku usiyoona tone. Ndiyo maana bati la Mikindani, pwani, linatoboka mapema kuliko bati la Masasi, bara, na bunduki nayo haina ngozi tofauti na bati.

Ubaya mwingine ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Inavimba, inapasuka, inabanduka magamba, na chuma kipya kinabaki wazi kuliwa tena. Ikikaa muda mrefu mahali pamoja inachimba vishimo. Vishimo hivyo havirudi hata ungesugua mwaka mzima; hapo kutu imekwisha kugeuka kuwa upungufu wa chuma, na tunarudi kwenye swali la usalama.

Si kila rangi ya kahawia ni adui, hata hivyo. Mafundi hutofautisha kutu hai na kutu iliyolala. Kipimo chake ni chepesi: chovya kitambaa cheupe kwenye mafuta ya cherehani, sugua kwa kidole, kisha tazama. Kikitoka na unga wa rangi ya chungwa, kutu iko hai, inakula. Kikitoka karibu safi, na chuma chini ni laini cha kahawia iliyokolea au cheusi, hiyo imelala, nayo inasaidia kidogo kukinga kilicho chini yake. Ule weusi wa bunduki nyingi mpya wenyewe ni oksidi ya chuma iliyotengenezwa makusudi kiwandani.

Bunduki za ziada za jeshi, yaani zile ambazo majeshi hayazihitaji tena yakaziuza kwa raia, zina historia yake. Baada ya Vita vya Pili ziliuzwa kwa wingi katika nchi kama Marekani, nyingi zikiwa zimepakwa grisi nzito kila mahali. Grisi iliziokoa, lakini wanunuzi wengi walipofungua mbao za bunduki walikuta vishimo kwenye upande wa mtutu uliofichwa na mti, kwa kuwa mti hushika unyevu na jicho halifiki. Ukikagua bunduki ya zamani, basi, usiridhike na kile kinachoonekana juu ya mbao.

Kutu ya ndani ya mtutu mara nyingi ilitoka kwenye risasi zenyewe. Fataki za zamani, yaani viwashio vya baruti kwenye kitako cha risasi, zilikuwa na klorati ya potasi, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Askari aliyepaka mafuta tu alikuwa anaifunika. Waingereza walimimina maji yaliyochemka ndani ya mtutu, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Baruti nyeusi nayo huacha masizi yanayonyonya unyevu. Vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Wajerumani katika nchi yetu zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 inayotumia baruti hiyo. Nawafikiria wale askari katika mvua za kusini, na mtutu unaodai kuoshwa kila baada ya kufyatuliwa.

Mjomba alikuwa na haraka. Kabla sijarudi kwake alimpelekea fundi wa kuchomelea kipande kimoja tu, bamba la kitako, ili apime. Fundi akalipitisha kwenye grenda yenye brashi ya waya. Liling'aa kama sufuria mpya, na alama zote za kiwanda zikafutika. Hilo liliniuma. Kutu ilikuwa imekula kidogo kwa miaka mingi. Brashi ilikula zaidi kwa dakika mbili. Kusafisha vibaya ni uchakavu, tena kwenye bunduki za jeshi ni uchakavu wa kawaida sana: midomo mingi ya mitutu imelika kwa fimbo ya chuma ya kusafishia iliyoingizwa kwa mbele, mara maelfu, na mikono iliyotimiza amri.

Sehemu zilizobaki tulizifanya polepole. Kwanza tulihakikisha hakuna risasi. Mafuta mepesi tuliyaacha usiku kucha, kisha tukasugua kwa kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko chuma cha bunduki, kwa hiyo kinaondoa magamba bila kukwangua. Vipande vidogo vilivyobaki na wekundu tulivichemsha kwenye maji safi yasiyo na chumvi. Kuchemsha hugeuza kutu nyekundu kuwa nyeusi, iliyo tulivu zaidi, na unga wake unatoka kwa kusugua taratibu. Msasa hatukuugusa.

Kisha mahali pa kuweka. Ala ya ngozi ni ya safari tu, kwani ngozi hushika unyevu na mabaki ya dawa iliyotumika kuilainisha. Stoo ya salfa ya mikorosho ndiyo mbaya kuliko zote: salfa ikikutana na unyevu hula chuma, na mkulima yeyote wa Mtwara ameona bomba lake la kupulizia linavyoisha. Sasa bunduki iko chumba cha ndani, kwenye kabati linalofungwa kama leseni inavyotaka, na inapanguswa kwa kitambaa cha mafuta kila mkono wa mtu unapoigusa, maana jasho nalo ni maji ya chumvi.

Lile swali la uchakavu tulimwachia fundi wa silaha mwenye kibali. Alipima nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Nafasi hiyo ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka na gesi kumrudia mpigaji usoni, na hakuna mafuta wala kitambaa cha kurekebisha hilo. Ya mjomba ilikuwa imezidi. Amekubali kwamba haitafyatuliwa tena, na ameniomba nimwandikie kwenye karatasi namba iliyosalia juu ya mtutu, kabla macho yake hayajashindwa kuisoma.