Nyanya Iliyochorwa juu ya Mawe

Mbegu ya kabichi haifiki ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na ukiiweka kiganjani pamoja na ya koliflawa hutajua ipi ni ipi. Mteja ataiaminije? Wauza mbegu wa Marekani walimjibu kwa picha, na picha hizo ndizo ninazozishughulikia: litografia za rangi, yaani picha zilizochapwa kwa mawe, za mwishoni mwa karne ya 19.

Kampuni kama D.M. Ferry ya Detroit na Jerome B. Rice ya Cambridge, New York, zilisambaza madukani masanduku ya mbao yaliyojaa pakiti. Mwenye duka aliuza kwa kamisheni. Msimu ukiisha, pakiti zilizobaki zilirudishwa. Ndani ya kifuniko ilibandikwa picha kubwa, hivyo sanduku likifunguliwa tu, figili na karoti zinamkabili mteja. Mimi huanza kutazama hapo kila nipatapo sanduku, maana picha ya ndani haikupigwa na jua kama karatasi za nje.

Zilichapwaje? Alois Senefelder wa Ujerumani ndiye aliyegundua kwamba ukichora kwa kitu cha mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha ukalilowesha, wino wa mafuta utashika penye mchoro tu; penye maji utakataa. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann alipata hataza ya kuchapa hivyo kwa rangi nyingi. Kila rangi ina jiwe lake. Nyanya moja huhitaji njano, waridi, nyekundu, kijani, kahawia, na karatasi ileile hurudi mashineni kila mara. Ikisogea kidogo tu, nyanya inaota kingo mbili.

Kinachonivuta zaidi ni nukta. Fundi alizidonoa kwa mkono, maelfu kwa maelfu, akizisonganisha penye kivuli na kuzitawanya penye mwanga. Ndiyo maana nasisitiza: kabla hujalipia picha unayoambiwa ni ya kale, chukua lenzi inayokuza mara 10. Nukta za fundi hazilingani wala hazifuati mstari. Nakala za kisasa zina nukta zilizojipanga kwa mpangilio usiobadilika, kama wavu, na mara nyingi hufanya viduara vidogo.

Anza na ule mng'ao mweupe kwenye shavu la nyanya. Katika chapa nyingi za mawe hapo hapana wino hata kidogo. Ni karatasi tupu, ambayo fundi aliizunguka kwenye kila jiwe bila kuigusa.