Kaliba si nguvu, jamani

Jana usiku tumekaa barazani hapa Mkunguni, vijana wanaangalia video ya uwindaji wa milimani kwenye simu, elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kasimama mteremko wa ng'ambo, mara mmoja akasema kwa kujiamini kabisa, "huyo ataka kaliba kubwa, .308 yaipita .300, si hesabu tu hiyo." Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza. Lakini wallahi nimeshalisikia hili mara nyingi mno.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi. Inchi .30 ni kama milimita 7.62.

Utamu uko kwenye neno lenyewe maana hili ni ndugu yetu. Wengi wanaofuata asili ya maneno wanalirudisha kwa Waarabu, qalib, chombo cha kumiminia madini yakapata umbo, na sisi tunalo siku zote, kalibu. Sonara akiyeyusha fedha aimimina kwenye kalibu, na risasi za magobori zilikuwa hivyohivyo, unayeyusha, unamimina, kinatoka kigololi kinachoenea kwenye mtutu wako. Neno likazunguka Italia na Ufaransa na Uingereza, likaturudia linaitwa kaliba, kama mtu aliyekaa Ulaya miaka miwili akarudi hata salamu atoa kwa puani. Watangazaji wa mpira nao wakalidaka, "mchezaji wa kaliba yake", hapo ni hadhi na sina ugomvi nao, ila nahisi kosa laanzia hapo, mtu akisikia kaliba awaza cheo, awaza nguvu.

Sasa tazama. Hizi namba ni majina ya aina za risasi: .30-06 ya mwaka 1906 (hiyo 06 ni mwaka, si kipimo cha kitu chochote), .308 Winchester ya 1952 na .300 Winchester Magnum ya 1963, zote tatu upana wa kichwa cha risasi ni uleule, inchi .308. Tofauti ya .300 na .308 ni kwamba ndani ya mtutu kuna mifereji, ukipima kutoka tuta hadi tuta wapata .30, ukipima kutoka mfereji hadi mfereji wapata .308, namba ya kuuzia ikachaguliwa mojawapo ya hizo. Kinachobadilika ni ganda, lile linalobeba baruti. La .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 lina 63, la Magnum 67 tena nene, kwa hivyo baruti ni nyingi, kichwa kilekile cha gramu 11.7 kikitoka kwenye .308 chaenda kama mita 800 kwa sekunde, kwenye Magnum kama 900. Mlimani mnyama aweza kuwa ng'ambo ya bonde mita 300, hapo ile kasi yafaa kwa sababu risasi haishuki sana njiani, ingawa teke lake begani si la mchezo na bunduki yenyewe waipandisha kwa miguu yako. Halafu ukipiga kwenye mteremko mkali, kupanda au kushuka, risasi yapita juu ya ulipolenga, na hilo halina kaliba wala nini.

Kwa hivyo mdogo wangu wa jana, ulikuwa sawa kwamba .308 na .300 Magnum si kitu kimoja, umezigeuza tu, yenye nguvu ni hiyo ya namba ndogo. Sema "risasi kubwa zaidi", au itaje kwa jina lake lote. Kaliba yao ni moja.