Kinyozi hakuzi nywele

Wengi humlipa kinyozi wa bei ghali wakiamini kwamba nywele zikikatwa mara kwa mara hukua haraka na kuwa nzito. Sivyo. Unywele huota kutoka kwenye mzizi wake chini ya ngozi, sentimita 1 hivi kwa mwezi, na sehemu unayoiona nje imeshakufa. Haina habari na mkasi. Unywele ukinyolewa hubaki na ncha butu badala ya iliyochongoka, ndiyo maana kidevu kilichonyolewa juzi hukwaruza kiganja kama msasa. Kupunguza ncha zilizopasuka huzuia mpasuko usipande, basi. Hela yako inanunua jicho na mkono: ule mstari wa kisogoni ulionyooka, ambao wewe na vioo vyako viwili (nimejaribu!) hamuuwezi.